Badala ya nini? Herufi ya PICO tunayoiacha tupu

Leo naweka kando habari za simu mpya na lugha za programu, nizungumzie kitu kilichotoka kwa madaktari. Kinaitwa PICO. Ni herufi nne tu, lakini kwangu mimi ni mojawapo ya fomu bora zilizowahi kuwekwa kati ya binadamu na tarakilishi, ingawa walioibuni hawakuwa wanaprogramu.

Nina hoja moja, na nitaisema mapema ili anayetaka kubisha aanze kujiandaa. Kati ya herufi hizo nne, ya tatu, yaani C, ndiyo yenye uzito zaidi, na ndiyo sisi tunaotengeneza programu za afya tunaiacha tupu. Kwa Kiswahili C inauliza hivi: badala ya nini?

Lakini kwanza tujue ilikotoka.

Maswali mengi, majibu machache

Mwaka 1985 watafiti watatu, Covell, Uman na Manning, walichapisha utafiti kuhusu madaktari 47 wa eneo la Los Angeles, Marekani. Walitaka kujua ni maswali mangapi yanazuka daktari anapohudumia wagonjwa, na mangapi yanapata jibu. Walipata takriban maswali mawili kwa kila wagonjwa watatu. Yaliyojibiwa mgonjwa akiwa bado yupo yalikuwa asilimia 30 tu, na mara nyingi jibu lilitoka kwa daktari mwenzake, si kitabuni. Vitabu vilikuwa vimezeeka, majarida hayakupangwa kwa namna ya kumsaidia mtu mwenye haraka, na muda haukuwepo.

Si kwamba habari zilikosekana. Zilikuwa nyingi kupita kiasi. Marekani ilikuwa na faharasa ya makala za tiba, Index Medicus, tangu 1879. Mwaka 1964 maktaba ya taifa ya tiba ya nchi hiyo ilianza kuitayarisha kwa kompyuta, kwa mfumo ulioitwa MEDLARS. Mwaka 1971 ikaja MEDLINE, hifadhidata ambayo mtu aliweza kuihoji akiwa mbali kupitia laini ya mawasiliano. Kwa muda mrefu aliyeketi mbele ya mashine hiyo hakuwa daktari bali mkutubi. Daktari alileta swali, mkutubi akalitafsiri katika lugha ambayo mashine inaielewa.

Sisi tunaijua kazi ya huyo mkutubi. Ni ile ile unayoifanya mteja akikuambia "nataka mfumo wa kliniki yangu" kisha ananyamaza kama amemaliza. Hapo unaanza kumhoji pole pole. Watakaoutumia ni kina nani? Ufanye kazi gani? Kwa sasa mnatumia nini, daftari au Excel? Na mtajuaje kwamba umesaidia? Shikilia hayo maswali manne, tutayarudia sasa hivi.

Hamilton, Kanada

Watu walioifanya kazi hiyo iwe somo la darasani walikuwa Chuo Kikuu cha McMaster, katika mji wa Hamilton, Kanada. Mwishoni mwa miaka ya 1960 David Sackett alianzisha huko idara ya epidemiolojia ya kliniki. Mwaka 1981 idara hiyo ikaanza kuchapisha, katika jarida la chama cha madaktari wa Kanada, mfululizo wa makala za kuwafundisha madaktari kusoma utafiti kwa jicho la ukali.

Gordon Guyatt, mmoja wa watu wa McMaster, kwanza alitaka kuuita mwelekeo huu "tiba ya kisayansi". Wenzake wakakasirika, maana ilikuwa kama kuwaambia kwamba wanayoyafanya wao si sayansi. Akabadili jina. Mwaka 1991 akachapisha lile jipya, tiba inayotegemea ushahidi, na mwaka 1992 kikundi chao kikalitangaza kwa ulimwengu kupitia jarida la JAMA.

Njia yao ina hatua kadhaa: uliza swali, tafuta ushahidi, upime, kisha uutumie kwa mgonjwa aliye mbele yako. Hatua ya kwanza inaonekana rahisi, lakini ukiikosea, zinazofuata zote zinakwenda kombo. Mwaka 1993 Oxman, Sackett na Guyatt walishauri katika JAMA kwamba swali livunjwe vipande kabla ya kwenda kutafuta. Mwaka 1995 Scott Richardson, Mark Wilson, Jim Nishikawa na Robert Hayward wakaandika makala ya kurasa mbili tu katika ACP Journal Club kuhusu swali la kitabibu lililojengwa vizuri. Vipande vinne vilivyoelezwa humo ndivyo wanafunzi wengi wa udaktari wanavyovijua leo kwa jina la PICO.

Herufi zenyewe ni za Kiingereza, lakini maswali yake yanakaa vizuri sana kwa Kiswahili:

P: Nani? Mgonjwa ni mtu wa namna gani, na ana tatizo gani?
I: Afanyiwe nini? Dawa, kipimo, upasuaji, ushauri?
C: Badala ya nini? Dawa nyingine, kawaida ya siku zote, au kutofanya kitu?
O: Ili iweje? Ni matokeo gani tunayoyajali?

Umeona? Ni yale yale manne uliyomuuliza mteja wako.

Mashine inavyoyala maswali haya

Kwa mwanaprogramu, hapa ndipo panaponoga. Kila kipande ni seti. Ndani ya kipande unaorodhesha maneno yenye maana moja na kuyaunganisha kwa AU: "shinikizo la damu" AU "presha". Kisha vipande vyenyewe unaviunganisha kwa NA. Makala zinazobaki ni zile zilizo ndani ya seti zote kwa pamoja. Mtu yeyote aliyewahi kuandika hoja ya hifadhidata anaona mara moja kwamba PICO ni muundo wa jedwali uliovaa koti jeupe.

Lakini kuna jambo ambalo wakutubi wazoefu watakuambia. Wakati wa kutafuta, mara nyingi wanaingiza P na I tu. Matokeo, yaani O, hayatajwi kila wakati katika muhtasari wa makala, na C vivyo hivyo, kwa hiyo ukiyalazimisha unapoteza makala nzuri. Basi kama mashine haizihitaji sana C na O, za nini? Ni za muulizaji mwenyewe. Zinamlazimisha aseme anatafuta nini kabla hajapewa kitu cha kumvutia macho.

Acha nitoe mifano miwili, kila mmoja na herufi yake.

O: mapigo yaliyotulia, watu waliokufa

Miaka ya 1980 watu waliokuwa wamenusurika shambulio la moyo, na ambao mapigo yao yaliruka ruka, walikuwa wakipewa dawa za kuyatuliza. Ilieleweka hivi: mapigo ya namna hiyo yanaambatana na hatari ya kufa, dawa inayapunguza, kwa hiyo dawa inaokoa maisha. Ukiuliza "je, dawa inatuliza mapigo?" jibu lilikuwa ndiyo, na kipimo cha moyo kilionyesha wazi.

Jaribio lililoitwa CAST lilibadilisha "ili iweje". Liliuliza: je, wagonjwa wanaishi? Dawa za encainide na flecainide zililinganishwa na kidonge kitupu kisicho na dawa. Mwaka 1989 sehemu hiyo ya jaribio ilisimamishwa kabla ya wakati wake. Hesabu kamili iliyochapishwa 1991 ilisema hivi: kati ya watu 755 waliopewa dawa walikufa 63, na kati ya 743 waliopewa kidonge kitupu walikufa 26. Mapigo yalitulia kweli. Watu wakafa zaidi ya mara mbili.

C: sasa tuje nyumbani

Mtoto anafikishwa hospitali ana homa kali, mikono na miguu imepoa, damu haizunguki vizuri mwilini. Miongozo iliyotoka nchi zenye vyumba vya wagonjwa mahututi ilisema: mmiminie maji ya mshipani kwa haraka. Watafiti walikuwa wakijadili ni maji gani yafaayo zaidi, ya chumvi au ya albumini. Tazama hiyo C ilivyo. Ni maji badala ya maji mengine.

Jaribio la FEAST, lililoongozwa na Kathryn Maitland, ambaye kituo chake cha utafiti kiko Kilifi, lilifanyika katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania. Liliweka kundi la tatu: watoto ambao hawakumiminiwa maji kwa haraka, wakapewa tu dripu ya polepole ya kawaida pamoja na matibabu yao mengine. Kundi kuu lilikuwa na watoto 3,141, na matokeo yakatoka mwaka 2011. Baada ya saa 48 walikuwa wamefariki asilimia 10.6 ya waliomiminiwa albumini, asilimia 10.5 ya waliomiminiwa maji ya chumvi, na asilimia 7.3 ya wale ambao hawakumiminiwa.

Soma tena namba mbili za kwanza peke yake. 10.6 na 10.5. Kama lile kundi la tatu lisingekuwepo, tungesema vitu hivi viwili ni sawa, nunua kilicho cha bei nafuu, tuendelee. Tungeendelea hivyo huku watoto kama watatu zaidi katika kila mia wakifa, na hakuna mtu ambaye angejua. Hakuna hesabu, hata ya tarakilishi yenye nguvu kiasi gani, ambayo ingelitoa hilo ndani ya makundi yale mawili. Lilitoka kwa sababu mtu aliuliza: badala ya nini? Badala ya kutomimina kabisa?

Na usisahau P. Watoto walioishiwa maji kwa kuhara hawakuwemo katika jaribio hili, wala wenye utapiamlo mkali. Mtu akilibeba jibu la FEAST bila "nani" yake, akamnyima maji mtoto anayeharisha, atamuua kwa ushahidi mzuri kabisa.

Sehemu isiyo na kinyota chekundu

Katika mafunzo na fomu nyingi za PICO, C huandikwa pamoja na maelezo "kama ipo". Naelewa sababu yake. Swali kama "mtu mwenye ugonjwa huu huishi miaka mingapi?" halina cha kulinganisha. Lakini mwanaprogramu yeyote anajua hatima ya sehemu ya fomu isiyo na kinyota chekundu. Watu wanairuka. Mwaka wa kwanza wanairuka wachache, mwaka wa tatu hakuna anayekumbuka iliwekwa kwa kazi gani.

Zamani tulikuwa na kinga fulani. MEDLINE ilikuwa mashine isiyo na huruma. Ukiingiza swali lililojengwa vibaya ilikurudishia makala sifuri, au elfu nne. Ulijua hapo hapo kwamba tatizo ni swali lako.

Mashine za akili mnemba tunazozitumia sasa zina adabu kupita kiasi. Andika "dawa gani nzuri ya presha?" utapewa aya nne zinazotiririka vizuri. Hukusema ni nani: mama mjamzito, au mzee wa miaka 70 mwenye kisukari? Hukusema badala ya nini: dawa anayomeza sasa, au kupunguza chumvi kwanza? Hukusema ili iweje: namba ya kipimo ishuke, au asipate kiharusi? Mara nyingi mashine haikuulizi. Inajaza nafasi hizo kimya kimya, kama chaguo-msingi ambalo mwandishi wa programu alilizika ndani ya msimbo akalisahau. Unapokea jibu la swali la mtu mwingine, na huna njia ya kugundua.

Wanaobisha wana hoja zao

PICO haina utakatifu wowote. Mwaka 2006 Huang, Lin na Demner-Fushman waliyapima maswali ya kitabibu dhidi ya muundo huu, wakaona kwamba unayafaa zaidi maswali ya tiba, na aina nyingine za maswali unazibana. Swali kama "kwa nini akina mama wengine hawarudi kliniki baada ya mara ya kwanza?" huwezi kuliingiza humo bila kulivunja mifupa. Ndiyo maana kukazuka miundo mingine kama SPICE, na SPIDER ya mwaka 2012 kwa ajili ya utafiti unaosikiliza maelezo ya watu badala ya kuhesabu. Hata suala la kutafuta lenyewe halijaisha. Utafiti mdogo uliochapishwa 2007 kutoka Duke, Marekani, ulijaribu fomu ya PICO kwa madaktari wanafunzi waliokuwa wakitafuta katika PubMed, na tofauti iliyoonekana haikutosha kutolea uamuzi.

Kisha kuna hoja ya foleni. Kliniki ina watu 60 wanasubiri kwenye mabenchi, wewe unamletea mhudumu fomu ya sehemu nne?

Hoja hizi nazikubali, na bado sibadili msimamo. Sitetei PICO kwa kuwa inaleta makala nyingi zaidi. Naitetea kwa kuwa inaonyesha shimo lilipo ndani ya swali. Na kuhusu foleni, hakuna aliyesema mhudumu ndiye ajaze. Hiyo ni kazi ya programu. Mtu aandike swali lake kwa lugha yake ya kawaida, programu ichambue ni vipande vipi vimetajwa, halafu iulize kimoja tu ambacho kikikosekana jibu linageuka. Hilo ni swali la sekunde tano. Na pale swali halina C kwa asili yake, programu iseme hivyo waziwazi badala ya kunyamaza.

Programu nayo ni dawa

Mpaka hapa nimeongea kana kwamba sisi ni watazamaji. Hapana. Programu tunayompa mgonjwa ni I kama dripu ilivyo I, kwa hiyo nayo lazima iulizwe: badala ya nini?

Tena hapa Kenya kuna mfano wa kujivunia. Mwaka 2010 jarida la Lancet lilichapisha jaribio la WelTel lililofanyika nchini. Wagonjwa 538 waliokuwa wakianza dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja, watu 273, lilitumiwa SMS kila wiki. Ujumbe wenyewe ulikuwa neno moja: "Mambo?" Mgonjwa alitakiwa kujibu "Sawa" au "Shida" ndani ya saa 48, na mwenye shida akapigiwa simu na muuguzi. Kundi lingine, watu 265, liliendelea na huduma ya kawaida bila SMS.

Katika kundi la SMS, asilimia 62 walisema wameshika dawa inavyotakiwa. Sasa fikiria kama ungekuwa mradi wa kawaida wa siku hizi, ule wenye ripoti za rangi rangi kwa wafadhili. Ingeandikwa "asilimia 62 ya watumiaji wetu wanameza dawa vizuri", watu wakapiga makofi. Lakini kwenye kundi lisilopata SMS ilikuwa asilimia 50. Kwa hiyo SMS haikuleta 62, ilileta 12. Na kwa kuwa maneno ya mgonjwa peke yake hayatoshi, walipima virusi damuni pia: waliofanikiwa kuvididimiza walikuwa asilimia 57 dhidi ya 48. Hapo C ipo, na O ipo mara mbili. Teknolojia yenyewe ilikuwa SMS ya neno moja, ambayo hata simu ya kabambe inaipokea.

Hizo alama 12 ni ndogo kuliko 62, lakini ni za kweli. Kwa hizo unaweza kwenda kwa mtu wa bajeti ukamwambia shilingi zake zinanunua nini. Ile 62 ya peke yake haimwambii chochote.

Kwa hiyo ombi langu kwa sisi tunaoandika programu za afya ni hili. Tunapotengeneza kisanduku cha kuuliza, C iwe na kinyota chekundu, na asiyekuwa nayo aandike "haihusiki" kwa mkono wake. Mashine ikikisia kitu ambacho muulizaji hakusema, ikionyeshe juu kabisa ya jibu, si chini kwa maandishi madogo. Jibu liseme ni kina nani hawakuwemo katika utafiti uliotumika. Na tunapotoa ripoti ya mradi wetu wenyewe, tusiweke asilimia bila ya pili yake pembeni.

Ukitaka kujaribu, chukua swali la mwisho la afya uliloandika kwenye simu yako, liandike upya kwa mistari minne: nani, afanyiwe nini, badala ya nini, ili iweje. Kisha ulipeleke lile lile kwa mashine ile ile na ulinganishe majibu mawili. Utakachoona niambie, hasa kama utaona sijasema kweli.

Haya, tuonane wakati mwingine.